Je, Wajua? Foleni Huanzia Machoni

JE, WAJUA kwamba ukinyoosha mkono mbele yako na kusimamisha kidole gumba, upana wa kidole hicho unakaribia kulingana na upana wa gari dogo lililo mita 50 mbele? Jaribu ukiwa kiti cha abiria, si kwenye usukani. Gari hilo likifika mita 100, linabaki nusu ya kidole. Yote anayoyajua dereva kuhusu gari la mbele, kama linakimbia, linapunguza mwendo au limesimama, anayapata kutokana na mabadiliko ya kipicha hicho kidogo machoni mwake.

Je, wajua kwamba kuwa na macho mawili hakumsaidii sana hapo? Tofauti kati ya kile kinachoonwa na jicho la kulia na kile cha jicho la kushoto ndiyo inayotuwezesha kutunga uzi kwenye sindano. Kwa gari lililo mita 60 mbele, tofauti hiyo ni ndogo mno. Kinachobaki ni ukubwa wa picha: ikitanuka unakaribia, ikisinyaa unaachwa.

Je, wajua kwamba mwaka 1976 mtafiti David Lee wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, alionyesha kuwa dereva anaweza kufunga breki kwa wakati bila kujua umbali wala kasi ya gari la mbele? Hoja yake ni hii. Chukua ukubwa wa picha iliyo machoni, ugawe kwa kasi ya kutanuka kwake. Jibu ni sekunde zilizobaki kabla ya kugongana, ikiwa mwendo hautabadilika. Picha ikitanuka kwa sehemu moja ya kumi kila sekunde, una sekunde kama 10. Ikitanuka kwa nusu, zimebaki 2. Lee alikipa kipimo hicho jina la herufi ya Kigiriki, tau, na mwaka 1981 yeye na Paul Reddish wakachapisha utafiti kuhusu ganeti, ndege wa baharini anayejirusha majini kutoka juu kuwinda samaki na kukunja mabawa muda mfupi kabla ya kugusa maji. Hesabu iliyoeleza breki za dereva ilieleza pia mabawa ya ndege huyo.

Na kabla ya Lee? Mwanaastronomia Mwingereza Fred Hoyle aliitumia hesabu ya namna hiyo katika riwaya yake ya mwaka 1957, *The Black Cloud*, pale wanasayansi wanapotaka kujua wingu kubwa la angani litafika lini kwenye mfumo wa jua letu. Walitazama jinsi linavyotanuka, basi.

Je, wajua kwamba jicho lina kikomo, na picha ikitanuka polepole kuliko kikomo hicho dereva haoni chochote kikibadilika? Watafiti wengi hukiweka kikomo hicho karibu na radiani (kipimo cha pembe) 0.003 kwa sekunde. Tukipiga hesabu kwa gari dogo lenye upana wa mita 1.8, mambo yanakuwa hivi: ukilifuata kwa kilomita 80 kwa saa nalo limesimama, utaanza kuhisi kwamba linakujia likiwa kama mita 115 mbele. Una sekunde 5 hivi. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza kinakadiria kwamba kwa mwendo huo gari linahitaji mita 53 kusimama, lami ikiwa kavu. Nafasi ipo, mradi macho yawe barabarani.

Sasa fanya tofauti ya mwendo iwe kilomita 10 tu kwa saa. Wewe unakwenda 80, wa mbele 70. Hapo jicho halitahisi kitu mpaka mbaki na mita 40. Tofauti kubwa ya mwendo humshtua dereva angali mbali. Ndogo humvizia. Kwa maoni yangu, anayetaka kuelewa foleni za barabara kuu aanzie kwenye mita hizo 40.

Je, wajua kwa nini bodaboda huonekana iko mbali kuliko ilivyo? Ni wembamba wake. Hesabu ile ile, kwa pikipiki yenye upana wa sentimita 75 na mwendo wa kukaribiana wa kilomita 80 kwa saa, inaleta mita 75 badala ya 115. Ondoa mita 53 za kusimama, unabaki na mita 22, ambazo kwa mwendo huo ni sekunde moja. Majaribio kadhaa yamethibitisha kwamba watu wakionyeshwa pikipiki na gari vikija kwa mwendo mmoja, husema pikipiki itachelewa kufika. Ndiyo maana dereva anayesubiri kuingia barabara kuu hujitosa mbele ya bodaboda, kisha anaapa kwamba jamaa alikuwa mbali. Wala hadanganyi. Ndivyo alivyoona.

Je, wajua kwamba mmoja wa waasisi wa hesabu za gari kufuata gari ndiye aliyewahi kukadiria joto la ulimwengu? Mwaka 1948 Robert Herman na mwenzake Ralph Alpher walitabiri kwamba anga zima limejaa mnururisho uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu. Miaka kumi baadaye, akiwa kwenye maabara za General Motors huko Marekani, Herman na wenzake Chandler na Montroll walichapisha mlinganyo wa dereva anayemfuata mwenzake. Walifunga waya kati ya magari mawili, ukivingirika na kufunguka, ili kupima umbali uliokuwa ukibadilika. Waligundua kwamba dereva huitikia tofauti ya mwendo, lakini huchelewa, kwa kawaida sekunde moja na ushee. Akichelewa na kuitikia kwa nguvu, msukosuko wa gari la kwanza hukua kila unapopokelewa na gari la nyuma.

Je, wajua kwamba foleni inaweza kuzuka bila ajali, bila taa nyekundu, bila trafiki aliyesimamisha magari, bila hata shimo? Mwaka 2008 watafiti wa Japani wakiongozwa na Yuki Sugiyama walichapisha jaribio ambalo mpaka leo hutajwa kila foleni inapojadiliwa. Walichora duara lenye mzunguko wa mita 230, wakaingiza magari 22, wakawaambia madereva kitu kimoja: nendeni kilomita 30 kwa saa, msimguse wa mbele. Piga hesabu uone: kila gari lilikuwa na mita 10 na nusu, urefu wa gari lenyewe ukiwemo.

Mwanzoni duara lilizunguka vizuri. Kisha mmoja akasogea kidogo zaidi ya mwenzake. Akagundua, akaachia mafuta. Wa nyuma yake akagundua kwa kuchelewa, akapunguza zaidi. Wa tatu akakanyaga breki. Haikuchukua muda, magari manne au matano yakawa yamesimama kabisa, huku upande wa pili wa duara wengine wakiendelea kama kawaida. Kundi lile la waliosimama halikukaa mahali pamoja. Wa mbele waliondoka, wa nyuma wakajiunga, na foleni yenyewe ikawa inarudi nyuma kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa hivi. Hakuna aliyevunja sheria wala aliyechomekea. Madereva wote walikuwa wanajitahidi.

Kasi hiyo ya kurudi nyuma, kilomita 15 hadi 20 kwa saa, imepimwa pia kwenye barabara kuu za nchi mbalimbali. Kwa hiyo wimbi la kusimama unalolikuta hapa linaweza kuwa lilianza kilomita 5 mbele, dakika 15 au 20 zilizopita. Aliyelianzisha pengine ameshafika kwake na amevua viatu.

Je, wajua kwamba programu za kompyuta wanazotumia wahandisi kupanga barabara zimewekewa udhaifu huu wa macho makusudi? Mwaka 1974 Rainer Wiedemann wa Karlsruhe, Ujerumani, aliandika kielelezo cha dereva asiyeitikia mpaka mabadiliko yavuke kikomo cha kuonekana. Dereva wake hasogei kwa mstari ulionyooka. Anakaribia bila kujua, anashtuka, anaachia, anabaki nyuma bila kujua, anashtuka tena. Programu maarufu ya VISSIM imejengwa juu ya dereva huyo.

Je, wajua kwamba nusu sekunde ya kila dereva ni magari 600? Saa moja ina sekunde 3,600. Kila gari likimpita mtu aliyesimama kando ya barabara sekunde 2 baada ya lililotangulia, njia moja hupitisha magari 1,800 kwa saa. Wakibanana hadi sekunde 1.5, yanapita 2,400. Kwenye karatasi, kubanana kunalipa. Barabarani, anayebanana hana muda wa kuona, na breki yake moja hurudisha msururu mzima chini ya pale ulipokuwa.

Wenzetu wa Dar es Salaam watasema ukiacha nafasi unachomekewa. Kweli, unachomekewa. Lakini kila anayechomeka mbele yako anakurudisha nyuma sekunde 2 hivi. Wakichomeka kumi, umepoteza sekunde 20. Sijaona sababu ya kugombana na mtu kwa sekunde 20.

Na je, wajua kwamba barabara haipitishi magari mengi zaidi yanapokimbia zaidi? Bruce Greenshields, Mmarekani aliyepiga picha za magari barabarani huko Ohio miaka ya 1930, aliona kwamba kadiri magari yanavyosongamana ndivyo mwendo unavyoshuka. Katika mstari aliouchora, idadi kubwa kabisa ya magari hupita mwendo ukiwa nusu ya ule wa barabara tupu.

Je, wajua kwamba taa ya tatu ya breki, ile inayokaa juu katikati kwenye kioo cha nyuma, ilitokana na mwanasaikolojia na madereva wa teksi? Katikati ya miaka ya 1970 John Voevodsky alifunga taa ya ziada nyuma ya teksi za San Francisco, nyingine akaziacha kama zilivyo. Teksi zenye taa ziligongwa nyuma mara chache zaidi, pungufu kwa asilimia 60 hivi. Serikali ya Marekani ikashawishika, na kuanzia magari ya modeli ya 1986 taa hiyo ikawa lazima kwa magari madogo. Kisha likaja jambo ambalo wapenda takwimu za kushtua hawalitaji: baada ya kila gari kuwa nayo na macho kuizoea, manufaa yalishuka hadi kama asilimia 4. Bado inafaa, kwa bei yake ndogo. Lakini kitu kipya hulivuta jicho kuliko kitu cha siku zote, na sehemu kubwa ya ile asilimia 60 ilikuwa ya upya.

Kumbuka pia kwamba taa ya breki inasema jambo moja tu: pedali imekanyagwa. Haisemi imekanyagwa kwa kiasi gani. Aliyeigusa kwa ncha ya kiatu na aliyeikandamiza mpaka mwisho wanawasha taa sawa, isipokuwa kwenye magari mapya yenye mfumo wa kupepesa taa breki ikifungwa ghafla. Kwa mengine yote, jicho la wa nyuma linarudi kwenye kazi yake ya kungoja picha itanuke.

Taa za LED huwaka mapema kuliko balbu za waya kwa sekunde 0.2 hivi. Kwa kilomita 100 kwa saa hiyo ni zaidi ya mita 5, urefu wa gari zima.

Je, wajua kwa nini tochi za trafiki huwanasa watu wanaoamini kabisa kwamba wamepunguza mwendo? Jicho likizoea mandhari kukimbia kwa saa nzima, mwendo mdogo huonekana mdogo zaidi. Dereva aliyetoka kwenye 100 akashuka hadi 70 anahisi anatambaa, na kibao cha kijiji kinasema 50. Waingereza waliligundua hilo kwenye mizunguko inayokuja mwisho wa barabara kuu. Kutokana na kazi ya Gordon Denton miaka ya 1970 wakachora mistari ya njano inayokatiza barabara, ikikaribiana kadiri unavyousogelea mzunguko. Jicho hudhani gari linaongeza kasi, mguu unaachia mafuta. Kwetu tunatumia matuta, ambayo hayamdanganyi mtu na hayamuombi.

Mwenye shangingi naye ana lake. Majaribio yameonyesha kwamba dereva anayekaa juu zaidi huiona lami ikipita taratibu, hivyo huendesha kwa kasi zaidi bila kukusudia.

Je, wajua kwamba madereva wa magari madogo humsogelea zaidi wa mbele pale wanapozibwa wasione mbele yake? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wa mwaka 2000 uliona hivyo kwa wanaofuata magari makubwa kiasi, kama pikapu na yale ya familia yaliyo marefu. Mtu angetegemea kinyume chake. Maelezo mamoja ni kwamba asiyeona breki za magari manne ya mbele hana habari za kumfanya asite. Anaona mlango wa nyuma tu, nao umetulia.

Je, wajua kwamba ukungu umewagawa wanasayansi? Mwaka 1998 jarida la *Nature* lilichapisha jaribio la Robert Snowden na wenzake: picha ikififia, mwendo huonekana mdogo, na watu waliketi kwenye kifaa cha kuigiza uendeshaji wakaongeza kasi. Mwaka 2012 Paolo Pretto na wenzake huko Ujerumani wakajibu kwamba ukungu halisi haufifishi kila kitu sawasawa: lami iliyo karibu huonekana vizuri, ya mbali hupotea. Walipoigiza ukungu wa namna hiyo, madereva walipunguza mwendo. Kwa anayepita Kimende, Kenya, kwenye ukungu wa alfajiri, mgogoro huo haubadilishi kitu. Taa za nyuma za lori ataziona zikiwa karibu, awe amepunguza au hajapunguza.

Je, wajua kwamba Japani kuna foleni zinazosababishwa na mlima usioonekana? Barabara inaposhuka taratibu kisha ikapanda taratibu, jicho halitambui mpando. Mguu unabaki pale pale, gari linapungua, wa nyuma anakaribia bila kujua, na mengine umeshayasoma. Sehemu za namna hiyo ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya foleni kwenye barabara zao za kulipia. Dawa mojawapo waliyoifunga ni safu ya taa pembeni zinazowaka kwa mfuatano kama zinakimbia mbele, ili dereva akienda nazo asiachie mwendo kupungua.

Je, wajua kwamba kuna mtu aliyeendesha gari kwenye barabara kuu karibu na Boston akiwa na kofia inayomfunika macho kila mara? John Senders, miaka ya 1960, alitaka kujua dereva anahitaji kutazama mara ngapi. Kadiri mwendo ulivyoongezeka au barabara ilivyojikunja, ndivyo alivyohitaji kufunuliwa mara nyingi zaidi. Mwaka 2011 alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, kwa upande wa usalama wa umma. Wanaosoma ujumbe wa simu wakiendesha wanarudia jaribio lake bila tuzo: sekunde 2 za kutazama chini kwa kilomita 80 kwa saa ni mita 44.

Je, wajua kwamba nzige anaweza kuwa mwalimu wa udereva? Nzige huruka kwenye makundi makubwa mno, kama wale walioingia Kenya na nchi jirani kufikia 2020, na hawagongani ovyo. Ana seli ya neva inayoitikia hasa vitu vinavyomjia moja kwa moja na kutanuka machoni. Claire Rind na Peter Simmons wa Chuo Kikuu cha Newcastle waliipima seli hiyo huku nzige akionyeshwa vipande vya filamu ya *Star Wars*, nao wakapata Ig Nobel ya mwaka 2005. Utafiti wa aina hiyo umesaidia kubuni vitambuzi vya kuonya kabla ya kugongana.

Je, wajua kwamba kuangalia nyuma kunaweza kupunguza foleni iliyo mbele? Berthold Horn wa MIT amepiga hesabu na kuonyesha kwamba magari yakijiweka katikati, umbali wa mbele ukilingana na wa nyuma, mawimbi ya kusimama hufifia badala ya kukua. Binadamu haliwezi hilo vizuri, ila gari lenye vitambuzi linaweza. Na si lazima yawe yote. Huko Arizona watafiti walirudia duara la Wajapani kwa magari zaidi ya 20, moja tu likiendeshwa kwa msaada wa kompyuta bila papara. Katika matokeo waliyochapisha 2018, gari hilo moja lilituliza duara zima, na matumizi ya mafuta yakapungua kwa hadi asilimia 40.

Je, wajua kwamba Wafaransa hawamwachii dereva akadirie mita? Mistari ya pembeni ya barabara zao kuu imekatwa kwa vipimo maalumu, na vibao vinamwambia aache mistari miwili kati yake na wa mbele. Kwetu anaweza kutumia nguzo ya umeme: wa mbele akiipita, ahesabu taratibu mia moja na moja, mia moja na mbili. Akiifikia kabla hajamaliza, amebanana.

Mwisho, taa za nyuma. Usiku umbo la gari hupotea, kinachobaki ni nukta mbili nyekundu, na jicho hupima umbali kwa uwazi ulio kati yake. Nukta zikiachana, unakaribia. Taa moja ikiungua, uwazi haupo tena. Lori zima la tela linageuka pikipiki, na wa nyuma hana cha kupima mpaka taa zake mwenyewe zilimulike bodi. Lililoharibika barabarani bila taa hata moja huachiwa matawi ya miti kwenye lami, na matawi hayang'ai. Kwa hiyo kabla ya safari ya usiku mwambie konda au mtoto asimame nyuma, washa taa, kanyaga breki, naye akuambie zimewaka ngapi. Na pembetatu ya kuakisi mwanga ikae mahali unapoweza kuifikia bila kushusha mizigo.